Kitenzi kimoja, maumbo matatu: rdi katika fomula ya sadaka ya Wamisri wa kale

Kisa chenyewe ni sentensi moja. Imechongwa juu ya mabamba ya mawe, milango ya makaburi, majeneza na sanamu za Misri ya kale kwa zaidi ya miaka 2000, na ndiyo inayosomwa mara nyingi na mwanafunzi anayeanza hieroglifu. Kwa sababu inajirudia, wengi huikariri tafsiri yake na kuendelea mbele bila kuichungua. Hilo ni kosa, kwa kuwa ndani yake kitenzi kimoja, rdi, yaani kutoa, kupa, kimetumika mara tatu kwa maumbo matatu, na kila umbo lina kazi yake. Anayeyatenganisha matatu hayo amepata nusu ya sarufi ya kitenzi hiki.

Huu hapa mfano wa kawaida wa Ufalme wa Kati (takriban 2000 hadi 1700 KK), wa aina inayopatikana kwenye mabamba ya Abidosi, kwa mwandiko wa Kilatini wanaoutumia wataalamu:

ḥtp di nsw wsir nb ḏdw nṯr ꜥꜣ nb ꜣbḏw
di.f prt-ḫrw t ḥnqt kꜣw ꜣpdw šs mnḫt
ḫt nbt nfrt wꜥbt ddt pt qmꜣt tꜣ innt ḥꜥpy ꜥnḫt nṯr im
n kꜣ n imꜣḫy (jina la marehemu)

Na kwa Kiswahili:

Sadaka aliyoitoa mfalme kwa Osiris, bwana wa Djedu, mungu mkuu, bwana wa Abidosi,
ili naye atoe matoleo ya kuitwa kwa sauti: mkate na bia, ng'ombe na ndege, alabasta na kitani,
kila kitu chema na safi itoacho mbingu, iumbacho ardhi, aletacho Hapi, ambacho mungu huishi kwacho,
kwa ka ya mheshimiwa (fulani).

Osiris ni mungu wa wafu, na Djedu na Abidosi ni miji yake. Ka ni ile nguvu ya uhai ya mtu inayohitaji kulishwa hata baada ya kifo. Hapi ni gharika ya Nili ya kila mwaka, iliyochukuliwa kuwa mungu. Maumbo yetu matatu ni di katika mstari wa kwanza, di.f katika wa pili, na ddt katika wa tatu. Nukta ndani ya di.f haikuandikwa na Wamisri. Ni alama ya wasomi wa leo ya kutenga kitenzi na kiambishi cha nafsi.

Tuanze na alama zenyewe. Kitenzi hiki huandikwa kwa mkate wenye umbo la pembetatu ndefu, alama X8 katika orodha ya hieroglifu ya mtaalamu Alan Gardiner, au kwa mkono ulioshika mkate huo, alama D37. Mbele yake huweza kuja mdomo, D21, unaosomwa r. Mdomo ukiwapo tunasoma rdi, usipokuwapo tunasoma di. Wakati mwingine mchongaji hurahisisha na kuchonga mkono mtupu, D36, ambao kwa kawaida husomwa ꜥ. Msomaji asiyelijua hilo hukwama hapo hapo, akitafuta katika kamusi neno lisilokuwapo. Pembetatu nayo ina pacha wake: mwiba, alama M44, ambao ndio unaoandika jina la nyota Sopdet (Sirius). Mwiba ni mwembamba na mkali zaidi. Kwenye jiwe lililolika tofauti hiyo hupotea, na muktadha ndio unaoamua.

Mpangilio wa alama katika maneno matatu ya kwanza nao una mtego. Kwenye jiwe utaona kwanza mmea wa sw pamoja na t, ndio nsw, mfalme. Kisha mkate juu ya mkeka, ndio ḥtp. Kisha pembetatu. Kwa hiyo macho husoma “mfalme, sadaka, toa”, ilhali mdomo unatakiwa useme ḥtp di nsw. Neno la mfalme limetangulizwa kwa heshima, kama vile majina ya miungu yanavyotangulizwa. Katika nakala za baadaye, baada ya Ufalme wa Kati, pembetatu huelekea kuja kabla ya mkate wa mkeka, na wataalamu huutumia mpangilio huo kama kidokezo kimojawapo cha umri wa bamba. Usomaji haubadiliki.

Di ya kwanza: “aliyoitoa mfalme”

Tafsiri ya haraka husema “mfalme anatoa sadaka”. Haiwezi kusimama kisarufi. Katika Kimisri cha kati, sentensi ya kawaida huanza na kitenzi, kisha mtenda, kisha kinachotendwa. Kama maana ingekuwa “mfalme anatoa sadaka”, tungetegemea di nsw ḥtp. Hapa nomino ḥtp imekaa mbele, halafu kitenzi, halafu mtenda. Huo ndio mpangilio wa kirejeshi: nomino, kitenzi kinachoirejelea, kisha mtenda wa kitenzi hicho.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu lugha yake inafanya vivyo hivyo. Tunasema “barua aliyoiandika Juma”, si “barua Juma aliyoiandika”. Kirejeshi kikishikamana na kitenzi, mtenda anarudi nyuma. “Sadaka aliyoitoa mfalme” na ḥtp di nsw yana mpangilio ule ule wa maneno, neno kwa neno. Anayefasiri kwa “ambayo” (“sadaka ambayo mfalme aliitoa”) hajakosea maana, ila ameupoteza ulinganifu ambao ungemsaidia kuiona sarufi.

Kwa nini “aliyoitoa” na si “aitoayo”? Kwa sababu umbo ni di, si dd. Kitenzi hiki kinapotaja jambo la mazoea au lenye kurudiarudia, shina lake hurudufisha d. Hapa halikurudufishwa, kwa hiyo ni umbo la tendo lililochukuliwa kwa ukamilifu wake, mara moja. Tofauti ni ndogo kwa macho na kubwa kwa maana, na mstari wa tatu utaithibitisha.

Sasa tatizo la kweli la mstari huu, ambalo Kiswahili chetu kinalificha. Katika Kimisri, anayepewa lazima atanguliwe na kihusishi n. Tazama sentensi inayopatikana mara kwa mara katika wasifu wa makaburini:

iw rdi.n.i t n ḥqr, ḥbsw n ḥꜣy
nimempa mkate mwenye njaa, nguo aliye uchi

Humo n imetokea mara tatu, na ya kwanza si kihusishi. Katika rdi.n.i, n ni alama ya tendo lililotimia, na .i ni “mimi”. Katika n ḥqr na n ḥꜣy, n ni “kwa”. Mwanafunzi anayezichanganya huishia na sentensi isiyo na mtenda. Lakini turudi kwenye bamba letu: baada ya nsw linafuata moja kwa moja jina la Osiris, bila n yoyote. Kwa Kiswahili kitenzi -pa hubeba watu wawili bila kihusishi, “mfalme alimpa Osiris sadaka”, kwa hiyo sikio letu halishtuki. Linapaswa kushtuka.

Jibu linapatikana katika nakala za Ufalme wa Kale, uliotangulia Ufalme wa Kati. Huko fomula mara nyingi huenda hivi: ḥtp di nsw, ḥtp di inpw, “sadaka aliyoitoa mfalme, sadaka aliyoitoa Anubis”. Kumbe mwanzoni mungu hakuwa mpokeaji. Alikuwa mtoaji wa pili, sambamba na mfalme, na ndiyo maana hakuhitaji n. Baadaye sehemu ya pili ilifupishwa, jina la mungu likabaki limening'inia nyuma ya mfalme. Katika Ufalme wa Kati likaongezwa di.f, “ili atoe”, na hapo mungu akasomeka kama mpokeaji anayepitisha sadaka kwa marehemu: mfalme humpa Osiris, Osiris humpa mtu wake. Maana mpya ilijengwa juu ya sarufi ya zamani, na alama ya ujenzi huo ni ile n iliyokosekana. Ndiyo sababu katika tafsiri ya kitaaluma neno “kwa” mbele ya Osiris wakati mwingine huwekwa katika mabano.

Upo pia ushahidi kwamba Wamisri wenyewe walikuja kuyachukua maneno haya matatu kama kitu kimoja kilichoganda. Katika wito kwa wapita njia, marehemu huwaomba waseme ḥtp-di-nsw, na kuna usemi irt ḥtp-di-nsw, “kufanya ḥtp-di-nsw”, kwa maana ya ibada nzima. Hata hivyo, mwenye kujifunza asianze na mgando huo. Aifungue fomula kwanza, ndipo akubali kuifunga.

Di.f: “atoe”

Umbo la pili ni jepesi zaidi. Di ni shina bila r, .f ni kiambishi tamati cha nafsi ya tatu umoja wa kiume. Ni umbo la kutaka, kuomba na kukusudia, na Kiswahili kina irabu moja inayofanya kazi hiyo hiyo: -e ya atoe, aende, wasome. Kwa kitenzi rdi umbo hili halichukui r, kwa hiyo ukiona rdi.f yenye mdomo, usiifasiri “atoe”. Itakuwa “alitoa” au umbo jingine.

Kinachokwenda kombo hapa ni hesabu ya miungu. Bamba likimtaja Osiris pamoja na Wepwawet, kiambishi kinakuwa .sn, di.sn, “watoe”. Likimtaja mungu wa kike peke yake kinakuwa .s. Msomaji aliyekariri hutamka di.f kila mahali, hata pale jiwe linapoonyesha wazi s, n na vistari vitatu vya wingi. Njia ya kujikinga ni kuhesabu miungu kabla ya kufika kwenye kitenzi, kisha kulinganisha na kiambishi. Vikitofautiana, ama umekosa jina moja, ama mchongaji ameinakili fomula ya mtu mwingine bila kuirekebisha, jambo linalotokea.

Kinachoombwa kitolewe ni prt-ḫrw, kwa maana ya neno kwa neno “kutoka kwa sauti”. Sadaka inatoka sauti inapotoka. Kikundi cha alama kina nyumba (pr) na kasia (ḫrw), na chini yake mkate na mtungi wa bia. Mkate na bia hivyo huhesabiwa katika orodha inayofuata, mara nyingi bila kuandikwa tena, na anayesahau hilo huiona orodha ikianza na ng'ombe.

Ddt: “itoacho”

Mstari wa tatu ndio wenye utamu. Tunaona d mbili, kwa kawaida mikono miwili yenye mikate iliyopangwa mmoja juu ya mwingine au pembetatu mbili, kisha t. Kurudufishwa kwa d kunatuambia kwamba tendo ni la mazoea: mbingu hutoa, imekuwa ikitoa, itaendelea kutoa. T inatuambia kwamba kitenzi kinarejelea nomino ya kike. Ni ipi?

Wengi hujibu pt, mbingu, kwa sababu pt ni ya kike na imekaa ubavuni. Jibu hilo si sahihi, na sentensi yenyewe inatoa kipimo. Endelea mbele: qmꜣt tꜣ, “iumbacho ardhi”. Neno tꜣ ni la kiume, na bado kitenzi kina t. Innt ḥꜥpy, “aletacho Hapi”. Hapi ni wa kiume, na bado ipo t. Kwa hiyo t haimhusu mtenda. Inarudi nyuma kwenye ḫt, “kitu”, ambalo ni neno la kike, na ndilo lililovalisha t hiyo hiyo maneno nbt, nfrt na wꜥbt. Kiswahili kinaonyesha pande zote mbili kwa wakati mmoja: katika “itoacho”, i- ni ya mbingu na -cho ni ya kitu. Katika “aletacho”, a- ni ya Hapi na -cho imebaki ile ile. Kimisri kinaonyesha -cho tu.

Vitenzi hivi vitatu vilivyofuatana vinafundisha pia nani hurudufisha na nani hafanyi hivyo. Rdi na ini (kuleta) ni vitenzi dhaifu, mwisho wa mzizi wao una i isiyo imara, na katika umbo la mazoea konsonanti iliyobaki hurudiwa: dd, inn. Qmꜣ (kuumba) ni kitenzi imara chenye konsonanti tatu zisizoyumba, hakirudufishi. Umbo ni lile lile kwa vyote vitatu, mwonekano ndio tofauti. Anayengoja kuona herufi mbili ili akubali kwamba tendo ni la mazoea ataikosea qmꜣt.

Sasa rudi juu ulinganishe: ḥtp di nsw bila kurudufisha, ddt pt kwa kurudufisha. Mwandishi yule yule, bamba lile lile, mstari mmoja tu kati yake. Tofauti haikuja kwa bahati. Ndiyo maana tumeshikilia “aliyoitoa” juu na “itoacho” chini.

Tahadhari moja ya mwandiko: dd ya kutoa, ḏd ya kusema, na ḏdw, jina la mji wa Osiris kwenye Delta, huandikwa karibu sana kwa Kilatini. Mstari mdogo chini ya d ndio unaozitenga. Kwenye jiwe hazifanani hata kidogo: kusema huandikwa kwa nyoka na kiganja, mji kwa nguzo za djed, kutoa kwa mikate. Ukichanganyikiwa, achana na mwandiko wa Kilatini, urudi kwenye jiwe.

Maumbo mengine ya kitenzi hiki

Nje ya fomula, rdi ina maumbo haya ya kukumbukwa. Kitenzi-jina ni rdit, au dit. Tendo lililotimia ni rdi.n.f au di.n.f, zote sahihi. Kwenye kuta za mahekalu mungu humwambia mfalme di.n.i n.k ꜥnḫ wꜣs nb, “nimekupa uhai wote na mamlaka yote”, na mara nyingi .i ya “mimi” haikuandikwa, zikabaki n mbili zilizogusana. Ya kwanza ni ya wakati, ya pili ni “kwa”. Baada ya majina ya wafalme utakuta di ꜥnḫ, “aliyepewa uhai”.

Amri kwa kawaida haitumii mzizi huu. “Toa!” ni imi, na “nipe” ni imi n.i. Anayeitafuta r au d hapo hataipata. Hatuna sababu ya kushangaa sisi tunaosema “kuja” kisha tukaamrisha “njoo”. Katazo, kinyume chake, linaurudisha mzizi: m rdi, “usitoe”.

Maana nazo zinapanuka kuliko “kupa”. Ya pili ni kuweka: katika Kisa cha Sinuhe, hadithi ya Ufalme wa Kati juu ya Mmisri aliyetoroka nchi yake, mtawala aliyempokea rdi.n.f wi m ḥꜣt ẖrdw.f, “aliniweka mbele ya watoto wake”. Kufasiri “alinipa” hapo kunaiua sentensi. Sinuhe huyo huyo anapotoroka husema rdit.i wꜣt n rdwy.i m ḫd, “kuipa miguu yangu njia kuelekea kaskazini”, na kaskazini Misri ni kufuata maji. Humo kitenzi-jina ndicho kinachosimulia, kama sisi tunavyosema “naye akaamka, kushika njia”.

Ya tatu ni kusababisha, na ndiyo iliyoishi muda mrefu zaidi. Rdi ikifuatwa na kitenzi kingine katika umbo la kutaka ina maana ya “kufanya mtu atende”: rdi.n.f šm.i, “alinifanya niende”. Kimisri kilikuwa pia na kiambishi awali s- chenye kazi kama ya -sha yetu: ꜥnḫ ni kuishi, sꜥnḫ ni kuhuisha, kulisha. Polepole njia ya rdi ikaishinda ya s-. Katika Kikopti, hatua ya mwisho ya lugha hii, iliyoandikwa hasa kwa herufi za Kigiriki na inayosikika hadi leo katika ibada za Kanisa la Wakopti, zote mbili zimebaki zikiwa zimeganda: saansh, kulisha, inatokana na sꜥnḫ, na tanho, kuhuisha, inatokana na di ꜥnḫ.f, “kumfanya aishi”. Ile t ya mwanzo wa tanho ndiyo kitenzi chetu, kimesagika hadi konsonanti moja. Kikiwa peke yake Kikopti hukiita ti, na amri yake ni ma, mjukuu wa imi.

Mabaki mengine yamo katika majina ya watu. Ufalme wa Kati ulipenda majina kama ddw-sbk, “ambaye Sobek (mungu mamba) hutoa”, yenye d mbili za mazoea. Zama za mwisho zilipenda pꜣ-di, “yule ambaye alitolewa na”, likifuatwa na jina la mungu: pꜣ-di-wsir ndiye Petosiris, ambaye kaburi lake liko Tuna el-Gebel. Na msomaji wa Biblia ya Kiswahili amekwisha kukutana na umbo hilo bila kujua, katika Mwanzo 41:45: Potifera, kuhani wa Oni, ni pꜣ-di-pꜣ-rꜥ, “yule aliyetolewa na Ra”, mungu jua.